Njaa ya Bibi Anyesi

Walisimama wote kwa pamoja. Hakukuwa na kengele wala filimbi, na hakuna aliyepaza sauti. Majembe yaliyokuwa yakipanda na kushuka katika shamba la viazi yalikoma, yakateremshwa taratibu, na kila mtu akaweka kiganja chini ya kifua, pale mbavu zinapoachana. Baadhi walifumba macho. Mwanamume mmoja mnene alipiga mbweu ndefu, akatema mate machungu pembeni, kisha akamwomba radhi jirani yake kana kwamba amemkanyaga mguu.

Daktari Kemilembe Rutta, aliyekuwa ameingia kijijini Isindikilo asubuhi hiyo, alitazama kutoka ukingoni mwa shamba. Alilitazama tukio hilo kama ambavyo angetazama mchezo wa jukwaani uliofanyiwa mazoezi ya kutosha.

"Juu ya njaa ya Bibi kuna nyingine," alisema mwanamke mmoja, bila kumwelekea mtu.

"Ni changa. Inatoka bondeni."

"Basi ni Festo. Nani mwingine?"

Mwanamke wa kwanza alichukua sufuria ya viazi vilivyochemshwa iliyokuwa imefunikwa blanketi, akateremka bondeni akikabili upepo. Wengine walisubiri wameinama kidogo, kama watu wanaongoja mvua ipite. Baada ya muda migongo ilinyooka, ingawa si kwa ukamilifu; mikono ilishuka, na majembe yakaendelea.

"Alikuwa anafunga uzio wa ng'ombe, akasahau kula," mwanamke yule alitangaza aliporudi.

"Festo atatuua. Aoe, apate wa kumkumbusha."

"Amwoe nani? Nani anataka kuunguzwa tumbo na mume ambaye hata hajarudi nyumbani?"

Walicheka. Kemilembe aliona kwamba walicheka bila kutazamana.

Mwenyekiti wa kijiji, Zakayo Ngimbudzi, alisimama kando yake, amevaa koti zito na ametia mkono mmoja ndani yake, pale kifungo kilipoachwa wazi makusudi.

"Daktari, wewe umekula?"

"Nimekula, Mwenyekiti. Asante."

"Umekula kweli?"

"Chai na viazi, nyumbani kwako. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, ndiyo. Utusamehe." Alisogea hatua moja mbali naye. "Wewe hatukusikii. Kukaa nawe ni kama kukaa chumbani na mtu aliyejifunika blanketi mwili mzima. Tunajua upo. Hatujui ukoje."

*

Ofisi iliyomtuma ilikuwa imeandika kwamba kijijini humo kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa wa tumbo: kiungulia, maumivu ya chembe cha moyo, kichefuchefu, kushiba baada ya matonge mawili, kukonda. Dalili hizo ni za kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba kijiji kizima kilizipata kwa dakika ileile na kuziacha kwa dakika ileile. Kemilembe alikuwa amehitimisha, hata kabla ya kufunga mzigo wake, kwamba ni hofu ya kuambukizana. Alikuwa ameona shule nzima ikizimia kwa sababu msichana mmoja amezimia.

Historia ya mahali pale aliijua. Katika miaka ambayo viazi vilioza ardhini, chakula cha msaada kilikuwepo lakini hakikutosha, na wagawaji walichoka kudanganywa: wenye akiba walipanga foleni wakiwa wamevaa matambara, wakati wenye njaa ya kweli walikuwa wamelala ndani, hawana nguvu ya kufika kwenye foleni. Maabara fulani ikapendekeza suluhisho. Ilimchukua bakteria anayejulikana siku nyingi, yule anayejichimbia katika ute wa ukuta wa tumbo na kujikinga na tindikali kwa kutengeneza amonia; yule anayeleta vidonda vya tumbo na, kwa wachache, baada ya miaka mingi, saratani. Wakampunguza sumu. Wakampa kazi. Tumbo likikaa tupu, atoe gesi isiyo na harufu kwa binadamu, gesi hiyo itoke na pumzi, na kifaa kilichofungwa mlangoni mwa ghala kiisome. Mtu angeweza kudanganya kwa nguo na kwa machozi. Kwa pumzi hakuweza. Watu wa Isindikilo walimmeza bakteria huyo katika kikombe cha uji, wakamwita mpangaji.

Njaa ilipokwisha, vifaa viliondolewa. Wapangaji hawakuondolewa, kwa kuwa kila ofisi ilidhani ni kazi ya ofisi nyingine. Nao walipita kutoka kizazi hadi kizazi kwa njia ambayo hakuna mtaalamu aliyeifikiria: katika milima ile, chakula cha kwanza cha mtoto hutafunwa na mwanamke mzee kuliko wote katika ukoo, kikatolewa kinywani mwake na kutiwa kinywani mwa mtoto.

Hadi hapo, kila kitu kilikuwa katika majalada. Baada ya hapo yalikuwa madai ya wanakijiji: kwamba wapangaji walijifunza kusomana wenyewe, kwamba mpangaji wa mtu aliyeshiba, akiipata gesi ya mwenye njaa, hufungulia tindikali, kwamba tangu hapo hakuna mtu wa Isindikilo aliyeweza kushiba kwa amani wakati jirani yake hajala. Serikali haikuamini wala haikukanusha. Ilizungushia kijiji uzio, ikaamuru kwamba mwenye mpangaji asitoke.

Kemilembe alifanya jaribio. Alimchagua Festo, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kukaa na njaa, akamfungia katika ghala la mbegu lenye milango miwili na kuta nene za udongo. Alimpelekea bakuli lililofunikwa, mara lina chakula, mara lina mawe, na hakumwambia mtu yeyote ni siku gani lilikuwa na nini. Siku za mawe, milango ikiwa imefungwa, kijiji kilifanya kazi bila kubabaika kuliko kawaida. Kisha akafungua kidirisha cha juu upande wa mashariki. Nyumba ya kwanza kwa mwelekeo wa upepo ilishika kifua, kisha ya pili, kisha wanawake waliokuwa kisimani. Alirudia. Alibadili upande. Mikono iliufuata upepo.

"Na mimi naumwa humo ndani, Daktari," Festo alilalamika. "Lakini naumwa peke yangu. Sijawahi. Inatisha."

"Njaa?"

"Hapana. Kuumwa halafu mlango usifunguliwe."

Kemilembe aliandika matokeo kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Alihisi kero ya mtu aliyeshindwa hoja katika mjadala ambao hakukubali kushiriki.

*

Lusungu Mgaya alimleta mtoto wake, Wema, akiwa amemfunga mgongoni kwa kanga mbili. Mtoto alikuwa ameanza kutambaa majuma machache tu yaliyopita, akaacha.

"Choo chake kiko hivi tangu lini?"

"Cheusi? Tangu wiki iliyopita. Nilidhani ni majani ya maboga."

"Kinanata?"

"Kama lami. Na harufu yake si ya mtoto."

Kemilembe alivuta chini ukope wa Wema. Ndani, panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Alibonyeza tumbo kidogo chini ya mbavu. Mwili wote wa mtoto ulikakamaa; kinywa hakikutoa sauti.

"Huwa analia sana?"

"Alie kwa nini?" Lusungu aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

Ndipo Kemilembe alipotambua kitu kilichokuwa kikimsumbua tangu afike. Kijiji kilikuwa na watoto wachanga wengi, na hakuwa amesikia hata mmoja akilia. Hawakuhitaji. Njaa yao ilisikika kabla ya vinywa vyao kufunguka.

"Mwanao anavuja damu tumboni," alisema. "Tindikali inayofunguliwa ndani yenu kila mnapomsikia mwenye njaa, ninyi watu wazima mnaivumilia. Mtu akisahau kula, inakuja na kuondoka. Hii ya sasa haiondoki. Ukuta wa tumbo la mtoto ni mwembamba, umeanza kuchimbika."

"Ni ya Bibi."

"Najua ni ya Bibi."

Kila mtu alijua. Bibi Anyesi Mgaya, aliyemlea Lusungu baada ya wazazi wake kufariki, alikuwa na uvimbe katika mlango wa chini wa tumbo. Chakula hakikupita. Alichokula jioni alikitapika asubuhi kikiwa kilekile. Alikuwa akifa kwa njaa mbele ya sufuria zilizojaa, na kijiji kizima kilikuwa kikifa naye kidogo kidogo, mkono kifuani, mwezi wa pili sasa. Wengine waliokufa kabla yake walichukua siku chache, na kuumwa kule kwa pamoja ndiko kulikokuwa msiba wao. Mtu alipokata roho wote walijua, wakasimama, wakaanza kuchimba kaburi. Bibi Anyesi alikuwa na mifupa migumu.

"Mpe mtoto dawa," alisema Lusungu. "Ile ya kuua wapangaji. Najua unayo, iko kwenye sanduku la bluu."

"Wapangaji wakifa wote kwa pamoja, humwaga walichokibeba. Mtu mzima huungua kwa muda mfupi, kisha akapona. Tumbo linalovuja damu la mtoto wa umri huu litatoboka. Nikimpa, nimemuua."

"Na usipompa?"

"Nitampa ya kupunguza tindikali. Itachelewesha. Kumfungia ghalani naweza siku moja, si miezi."

Lusungu aliweka kiganja juu ya chembe chake, kisha akakihamishia juu ya chembe cha mtoto, akakiacha hapo.

"Basi mpe Bibi."

"Nilimwuliza siku ya kwanza. Alikataa."

"Ulimwambia watoto wanaumia?"

"Hapana. Niliombwa nisimwambie."

"Ni sisi tuliokuomba," alisema Lusungu, na akatazama ukuta.

*

Zakayo Ngimbudzi alikuja kulizungumza jambo hilo kwa njia aliyoiita ya kiutu uzima.

"Kuna uji mwembamba anaoweza kuutunza tumboni. Vijiko vichache. Ponda dawa, tia humo. Hatajua."

"Na asipojua?"

"Basi hatakuwa na la kusikitikia."

"Na ninyi?"

"Sisi tutapumzika, Daktari." Alisema bila aibu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Usinitazame hivyo. Naona unanitazama, ingawa sijui unamaanisha nini. Huyu mama amenitafunia chakula changu cha kwanza, kama alivyomtafunia nusu ya kijiji. Nisingeweza hata kumwondoa kwenye kitanda chake nikamfungie ghalani. Lakini jana nimemkasirikia mtu anayekufa kwa sababu anakufa polepole. Mimi. Unaelewa hali niliyofikia?"

Kemilembe alielewa. Alielewa pia kwamba watu hawa waliokuwa wakimwomba amnyamazishe bibi mmoja walikuwa wamejenga, bila kukusudia, kitu ambacho hakuwa amekiona popote. Ghala la kijiji halikuwa na kufuli. Hakuna mtoto aliyekuwa na nywele nyekundu na tumbo la utapiamlo. Mjini alikotoka, alikuwa amewahi kuitwa kumkagua mzee aliyekutwa ndani baada ya majirani kusumbuliwa na harufu, si na kutokuonekana kwake. Hakuwa mtu wa kuvutiwa na miujiza, lakini alikuwa na tabia ya kuheshimu takwimu.

Kutia dawa katika uji lilikuwa kosa. Hilo halikumpa taabu kulipima. Kilichomsumbua ni njia nyingine. Kumwambia Bibi Anyesi ukweli, ukweli mzima, kwa sauti ya upole na maneno sahihi, nako kulikuwa kumsukuma. Tofauti ni kwamba angejua amesukumwa na nani.

*

Bibi Anyesi alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mwepesi kama nguo zilizosahauliwa juu ya kitanda. Kando ya ukuta palikuwa na benchi. Kila asubuhi watu wachache walikuja kuketi hapo, wakaumwa naye, wakaondoka kwenda shambani. Kemilembe alingoja waondoke.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Bibi. Dawa ya maumivu imesaidia?"

"Imenipa usingizi. Njaa haikuigusa." Alimtazama daktari kwa muda. "Unaona kukaa kwao hapo ni ujinga."

"Sijasema hivyo."

"Uso wako umesema. Mimi nilikuwa mtu mzima kabla ya wapangaji. Kusoma uso bado najua. Hawa wengine hawajui. Hawatazamani, umeona? Hawana haja." Alipumzika kidogo. "Ile miaka, mdogo wangu alikufa nyumba ya pili. Ukuta mmoja kati yetu. Mimi nilikuwa na kiazi, nikala, nikalala. Sikujua. Hata kugonga kwa kidole hakuweza, maana hakuwa na nguvu ya kugonga. Kwa hiyo usinieleze habari za dawa. Kufa siogopi. Kufa nyuma ya ukuta ndiko sikutaki."

"Wema anavuja damu," alisema Kemilembe.

Alimweleza. Alieleza tindikali, ukuta mwembamba wa tumbo, choo cheusi, kope zilizopauka, na kwa nini dawa haiwezi kutolewa kwa mtoto. Hakupunguza wala hakuongeza. Alipomaliza, chumbani palisikika tu kiowevu kikitikisika ndani ya tumbo la yule bibi, kama maji kwenye kibuyu, kila alipovuta pumzi.

"Nani anajua?"

"Wote."

"Wanakuja hapo kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Lusungu pia."

"Hawakutaka kukuumiza, Bibi."

Bibi Anyesi alitoa sauti fupi ambayo, kwa mtu mwenye nafasi zaidi kifuani, ingekuwa kicheko.

"Wameniumiza mimi kila siku, nami nimewaumiza wao, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Wewe je? Ungeweza kuitia kwenye uji."

"Nilishauriwa hivyo."

"Kwa nini hukufanya?"

"Sikupenda."

"Hilo si jibu la daktari."

"Ndilo nililo nalo."

Yule bibi aligeuza uso dirishani. Nje, ukungu ulikuwa umeteremka hadi kwenye uzio, na nyaya zake hazikuonekana. Mtu angeweza kudhani kijiji hakina mwisho.

"Utakaa na mimi?"

"Nitakaa."

"Siyo hapo kwenye benchi. Hapa, kitandani. Ilete hiyo dawa. Na uiite jina lake unaponipa, nisije nikajidai sikujua."

*

Alimpa kwa kijiko, maji ya dawa, kidogo kidogo, asubuhi na jioni, na kila mara alitamka jina lake. Siku ambayo wapangaji walikufa, Bibi Anyesi aliungua kutoka kooni hadi kitovuni, akauma shuka. Kijijini, isipokuwa Lusungu na Wema waliofungiwa ghalani siku hiyo, watu walipiga magoti walipokuwa: mlangoni, kisimani, katikati ya matuta ya viazi. Festo alianguka kutoka juu ya uzio wa ng'ombe. Haikuchukua muda mrefu kuliko kuchemsha chai.

Kisha ikaisha.

Kemilembe alitoka nje kwa sababu ya ukimya. Watu walikuwa wamesimama, mikono imening'inia. Walikuwa wakivuta pumzi hadi chini kabisa, wakizitoa, wakizivuta tena, kama mtu anayejaribu mguu uliotolewa plasta. Mtu mmoja alianza kulia kwa raha. Jioni hiyo kijiji kilipika, kikala, kikapika tena. Wema alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni, na baada ya siku kadhaa choo chake kilirudi kuwa cha kahawia, na rangi ikaanza kurudi ndani ya kope.

Asubuhi iliyofuata benchi lilikuwa tupu.

Siku ya pili pia lilikuwa tupu. Kemilembe alidhani wamelala wakifidia majuma ya kukesha, na dhana hiyo ilikuwa ya busara, na ilikuwa na makosa. Watu walipita mbele ya dirisha wakiwa na majembe. Hawakukwepa kutazama ndani, walipita tu, kama mtu apitavyo mbele ya stoo. Ndani, Bibi Anyesi alikuwa ameanza kutapika kitu cheusi chenye chembechembe, kama masalia ya kahawa.

Lusungu alikuja siku ya tatu kutafuta chungu. Alimkuta daktari ameshika bakuli chini ya kidevu cha Bibi, akasimama mlangoni akitabasamu kwa furaha.

"Amepona!"

"Hajapona, Lusungu. Anaendelea kufa. Uvimbe uko palepale. Waliokufa ni wapangaji wake tu."

"Mbona hatuumwi?"

"Kwa sababu hamumsikii. Mtazame."

Lusungu alipiga magoti, akautazama uso wa bibi yake kwa bidii ya mtu aliyepewa maandishi ya lugha ngeni na kuombwa ayasome kwa sauti. Midomo ya Bibi ilikuwa imevutwa nyuma, meno nje, ngozi imekaza juu ya mashavu.

"Anatabasamu," Lusungu alisema.

"Hilo si tabasamu."

"Nina njaa, mwanangu," alisema Bibi Anyesi. Sauti ilikuwa ndogo lakini maneno yalikuwa wazi kabisa.

Lusungu aliweka kiganja chini ya kifua chake. Alisubiri, kwa adabu, kwa muda wa kutosha. Kisha akamshika bibi yake mkono na kumwambia kwa upole mkubwa, kama mtu anayemtoa mtoto hofu ya giza:

"Hapana, Bibi. Huna."

*

Walimfanyia sherehe. Kemilembe alimwambia mwenyekiti asiruhusu, akamweleza sababu, naye Zakayo alimsikiliza kwa subira ambayo watu huwa nayo kwa kiziwi anayezungumzia muziki.

Chumba kilijaa. Walileta ulanzi wa mianzi katika ndoo, nyama ya kuchoma, viazi vilivyokaangwa, uji wa ulezi wenye maziwa. Waliweka sahani juu ya blanketi la Bibi Anyesi. Festo, mguu umefungwa bandeji, aliomba radhi kwa njaa zote alizowahi kuwatia, na watu wakamzomea kwa furaha wakamwambia aoe. Walimwita Bibi mama wa vinywa vyao. Walianza wimbo wa shukrani wenye beti nyingi, wakiimba kwa sauti tatu, macho yao juu, kila mmoja akitazama mahali pake kwenye dari.

Kemilembe alikaa kitandani kama alivyoahidi, vidole vyake juu ya kifundo cha mkono wa Bibi. Bibi Anyesi hakuwatazama waimbaji. Alimtazama yeye, na katika uso ule palikuwa na kitu ambacho daktari alikisoma bila shida na ambacho hangekiandika katika ripoti yoyote. Katikati ya ubeti wa pili mapigo yaliruka, yakarudi, yakaruka tena, yakaacha. Macho yalibaki wazi.

Waliendelea kuimba. Mwanamke mmoja alisogeza sahani ya nyama karibu zaidi na mkono wa marehemu ili asipate taabu kuifikia.

Kemilembe alikuwa na muda wa beti zilizobaki wa kufikiri, na aliutumia. Akinyamaza, wangeondoka wakiamini kwamba dawa huponya, na kila anayekufa baada ya huyu angenyamazishwa kwa upendo, katikati ya sahani. Akisema, wangelaani dawa, na mtoto mwingine angechimbika tumbo kabla hawajakubali tena. Wema alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, mashavu yamejaa. Hakuna upande wa mizani hiyo uliokuwa mwepesi.

Wimbo uliisha.

"Amefariki," alisema.

Mikono kadhaa ilikwenda vifuani, kwa mazoea. Ikakaa hapo. Watu waligeuka kidogo huku na huku wakisikiliza ndani yao, na nyuso zao, ambazo hazikuwa na desturi ya kuonyesha kitu, hazikuonyesha kitu.

"Daktari, amelala," alisema Zakayo.

Kemilembe aliinuka, akamshika Lusungu mkono, akauweka juu ya shavu la Bibi Anyesi, akaushikilia hapo. Lusungu alijaribu kuutoa, kisha akaacha kujaribu. Baridi ilikuwa imeanza. Alikaa hivyo muda mrefu, mtoto kwenye mkono mmoja, shavu kwenye mwingine.

"Tangu lini?"

"Ubeti wa pili."

"Alikuwa anaumwa?"

"Sana."

"Lini?"

"Wakati wote."

Lusungu alifungua kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa na umbo. Ilikuwa ya mtu anayefanya kitu kwa mara ya kwanza na hajui kinaishia wapi. Wema aliamka, akamtazama mama yake mdomoni kwa makini sana. Hakuna mwingine aliyesogea. Waliwatazama wote wawili kama walivyokuwa wamemtazama Bibi: kwa nia njema, kutoka mbali.

Zakayo Ngimbudzi alisubiri hadi sauti ile iliposhuka. Alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Alikuwa mtu mzuri, na Kemilembe alijua hivyo kabla hajazungumza na hata baada ya kuzungumza.

"Daktari," alisema, "kuna mzee Msigwa kule juu, na mama yake Festo, nao hawana muda mrefu." Alikohoa. "Ile dawa. Imebaki kiasi gani?"

Kemilembe aligeukia chumba, akitafuta uso wa mtu ambaye angemkaripia mwenyekiti. Watu walikuwa wameacha kumtazama Lusungu. Kwa mara ya kwanza tangu afike Isindikilo, kila jicho lililokuwa mle ndani lilikuwa juu yake, likingoja jibu.